Noah imechemsha mlima wa Kikafu, fundi anataka kushusha injini. Nina 1.2M, nisaidieni bajeti kabla sijanunua chochote

MpareMtulivu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Nina Noah SR40, injini 3S ya petroli, huu mwaka wa sita niko nayo. Jumamosi nilikuwa natoka msibani Kiboriloni kurudi Usa River, watu saba ndani na masufuria ya kamati ya chakula nyuma. Kikafu tumeshuka vizuri, tumevuka daraja, tunaanza kupandisha kuelekea Boma Ng'ombe mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajisemea nifike juu kwanza, pale kwenye kona hakuna pa kuegesha. Mara mshale ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa. Nikafurahi, jamani. Nikamwambia shemeji yangu "unaona, imepoa".

Dakika mbili mbele gari likaishiwa nguvu, harufu ya mpira kuungua, mvuke ukaanza kutoka chini ya kiti nilichokalia. Mama mmoja nyuma akaanza Baba Yetu. Kijana wa bodaboda akaleta dumu la maji ya mfereji, tukamimina papo hapo. Liliwaka, likatembea kama mita mia nne linatoa moshi mweupe, likazima. Nimevutwa mpaka Usa.

Fundi wangu kachomoa kijiti cha oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kasema hii ni ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuitengeneza upya, na kanipa hesabu: gasketi seti nzima 180,000, ringi 90,000, beringi za krenki na konrodi 130,000, kuskimu hedi (kusawazisha kwa mashine uso wa kichwa cha injini) 60,000, oili na filta 75,000, ufundi 350,000. Jumla 885,000. Nina 1,200,000 mkononi. Kesho anataka twende Arusha mjini tukanunue spea zote kwa mkupuo. Gari nalihitaji kabla ya Desemba, nyote mnajua barabara hii inavyokuwa watu wakianza kurudi Uchagani.

Nipitishieni macho hiyo hesabu. Kuna kitu kimesahaulika?

Spana14
Mkuu, usinunue hata boliti. Fundi wako ameorodhesha spea za injini ambayo hajaifungua. Ringi saizi gani? Beringi saizi gani? Kama silinda zimechubuka utaboa (utazichonga ziwe pana zaidi), ukiboa ringi za kawaida ulizonunua zinakuwa mapambo, na muuzaji hazirudishi.

Kesho badala ya kwenda dukani mwambie apime kompresheni (presha ya hewa inayobanwa na pistoni) silinda zote nne, aandike namba kwenye karatasi, uzilete hapa. Kazi ya nusu saa. Mimi nafanya kazi kwenye mashine za kuchonga huku Unga Limited, hao wanaokuja na mfuko wa ringi mkononi tunawapokea kila wiki.

Chuga_Boy
Uza kama ilivyo, nunua IST. Noah ni za kubebea wanafunzi.

MpareMtulivu
Watu saba na masufuria ya ubwabwa nitawapakia kwenye IST wewe ukiwa dereva?

BintiKiboriloni
Pole kaka, na poleni na msiba. Ngoja nikupe yangu ili usipite nilikopita.

Nilikuwa na RAV4 ya zamani, 3S kama yako. Ilichemsha nikaipeleka gereji moja mjini Moshi, siitaji. Wakafanya ovahoo, nikatoa 2,100,000, wakanikabidhi gari linang'aa mpaka mfuniko wa injini. Wiki ya tatu nikiwa napanda Marangu likachemsha tena. Gasketi ile ile. Nikarudi, wakasema "dada, hukuangalia maji". Nilikuwa naangalia kila asubuhi!

Fundi wa pili ndiye aliyefungua rejeta. Matundu zaidi ya nusu yameziba kwa tope jeupe gumu, ni ile chumvi ya maji ya bomba ya miaka. Kumbe milioni mbili yangu yote ilikwenda kutibu maiti, na muuaji bado yupo ndani ya nyumba. Katika hesabu yako sijaona rejeta, sijaona wota pampu, sijaona thamostati (ile valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji), sijaona hata kifuniko cha rejeta. Hayo ndiyo yangekuwa mistari ya kwanza.

MzeeWaBoma
Kijana, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa.

Mshale ulioshuka haukuwa umepoa. Kile kipima joto kinasoma maji. Maji yakiisha kinabaki hewani, kinakudanganya. Siku nyingine mshale ukipanda halafu ukashuka ghafla huku bado unakanyaga mafuta mlimani, zima gari hapo hapo hata kama ni katikati ya kona, weka matawi nyuma, watu washuke.

Jambo la pili ni lile dumu la maji. Hedi ya 3S ni ya alumini, bloku ni ya chuma. Umemimina maji ya baridi kwenye alumini inayokaribia kuyeyuka moyo, ikajikunja. Ungesubiri saa nzima, mkaongea habari za marehemu, mngepoteza muda tu.

Na swali: thamostati ipo?

MpareMtulivu
Shikamoo mzee wangu, nisamehe.

Thamostati haipo. Fundi wa kabla ya huyu aliitoa kama miaka miwili iliyopita, akasema ni kitu cha nchi za baridi.

MzeeWaBoma
Marahaba. Nilijua.

Kijenge_Juu
Hapo mzee sikubaliani. Mimi nimetoa thamostati kwenye gari tatu na hazijawahi kuchemsha. Maji yanapita bila kizuizi, joto litatoka wapi?

Spana14
Mkuu Kijenge, kwenye hizi injini za S za Toyota thamostati ina milango miwili. Ikifunguka kwa juu kuruhusu maji ya rejeta, kwa chini inaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare huoni tofauti. Ukipakia watu saba ukapanda Kikafu, sehemu ya maji inazunguka humo humo ndani ikiwa ya moto, haionji rejeta.

Halafu asubuhi ya Julai hapa Arusha injini isiyo na thamostati inachukua muda mrefu kupata joto lake, inakunywa petroli na kuifanya oili iwe nyepesi. Gharama yake unailipa kidogo kidogo bila kujua.

Kijenge_Juu
Gari zangu zinatembea. Tuishie hapo.

MpareMtulivu
Wakuu, namba hizi hapa. Silinda ya kwanza 150, ya pili 148, ya tatu 70, ya nne 75. PSI, kile kipimo cha presha. Nimesoma mahali kwamba 3S nzima inatakiwa 178 na mwisho wa kuvumilika ni 142. Kwa hiyo hata hizo mbili nzuri ziko ukingoni? Nimekosa usingizi.

Spana14
Lala mkuu. Kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Sisi hapa tuko mita kama 1,400, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na pistoni inabana ile hewa iliyopo. Toa asilimia 15 kwenye 178 unapata kama 150. Silinda yako ya kwanza na ya pili zina afya nzuri sana. Watu wengi hapa mjini wameuziwa ovahoo kwa namba kama hizo.

Cha kutazama ni ya tatu na ya nne. Zimeshuka pamoja na ni majirani. Silinda mbili zinazopakana zikishuka kwa kiwango kimoja, mara nyingi gasketi imekatika katikati yake, zinapumuliana. Fungua hedi. Msiishushe injini kwanza, fungueni hedi tu, ilete kwetu ama kwa yeyote mwenye rula iliyonyooka.

Kwa bajeti tenga laki moja na nusu ya kufungua na kupima, hiyo hela ihesabu kama ada ya daktari. Zilizobaki zisitoke nyumbani.

Njoro_Spea
Kwa nini usichukue injini ya mtumba kutoka Dar? Ilala zimejaa. Unafunga siku mbili unatembea.

MpareMtulivu
Nimeulizia kwa simu. Nzima na vifaa vyake 2,200,000. Kusafirisha 120,000. Kufunga 250,000. Hapo hapo bado rejeta na ndugu zake, maana injini mpya kwenye rejeta mbovu ni yale ya dada wa Kiboriloni.

MzeeWaBoma
Na ukiileta, namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari haitalingana na iliyo kwenye bloku. Inabidi ukarekebishe TRA, kwa hiyo risiti ya ulikonunua iwe ya kueleweka, si karatasi ya daftari. Wengi wanalikumbuka siku wanapouza gari.

Injini ya mtumba si mbaya. Lakini unanunua ugonjwa usioujua kuacha ugonjwa unaoujua. Kama ingekuwa hizi za kisasa, bloku ya alumini yenye silivu (bomba la ndani ya silinda) nyembamba, ningekwambia nenda Ilala. 3S ni chuma, inachongeka.

MpareMtulivu
Wakuu, leo nimeshinda Unga Limited, nimerudi na kichwa kimejaa. Naandika kirefu kidogo.

Hedi ilifunguliwa jana. Gasketi kati ya silinda ya tatu na ya nne imeungua, alama nyeusi upana wa njiti ya kiberiti. Yule bwana wa mashine akaifuta hedi kwa petroli, akaikwangua mpaka ikang'aa, akalaza rula nene ya chuma kutoka kona hadi kona. Akachukua fila geji, zile karatasi za chuma zilizopangwa kama kipepeo. Akaniambia "Toyota inavumilia milimita 0.05, sasa tuone." Ya 0.05 ikapita chini ya rula kama barua chini ya mlango. Ya 0.10 ikapita. Ya 0.15 ikapita ikikwaruza kidogo. Ya 0.20 ikagoma. Akanitazama, hakusema kitu, akaandika kwa chaki ubavuni mwa hedi.

Baadaye wakaziba matundu yake, wakaizamisha kwenye maji ya moto na kuijaza upepo. Tukasimama watu wanne tunatazama maji kama wavuvi. Hakuna hata povu moja. Haina ufa. Nilishukuru kwa sauti.

Habari mbaya ni bloku. Silinda ya tatu ina mchubuko, ukipitisha ukucha unakwama. Kwa hiyo injini imeshushwa tayari. Wamepima, wanasema kuboa kwa kuongeza upana milimita 0.50 kutasafisha zote.

Sasa rejeta. Hii mtanisamehe. Fundi rejeta alipofungua tangi la juu, tope likatoka la rangi ya njano. Akalinusa, akacheka, akaita wenzake. Ni bizari. Kuna mtu alishawahi kumimina bizari kuziba uvujaji, na kwa wingi alioweka ni kama alikuwa anaandaa pilau. Nimemiliki gari hili miaka sita na sijawahi kuambiwa.

BintiKiboriloni
🤣🤣 Pole kaka. Muuaji kapatikana na viungo vyake.

Chuga_Boy
Fundi maiko ameacha sahihi yake.

Spana14
Sasa tunaweza kupiga hesabu maana tunajua tunachotibu. Nimeulizia bei za wiki hii hapa mjini, za vitu vya kueleweka, si vile vya boksi zuri na ndani karatasi. Msinishike kwa elfu kumi.

Pistoni nne za 0.50 260,000, ringi zake 95,000. Kuboa silinda nne 160,000. Beringi zote 140,000, lakini krenki ipimwe kwanza ndipo saizi ijulikane. Gasketi seti 190,000. Kuskimu hedi na kupima ufa 90,000, kusaga valvu 60,000. Boliti za hedi mpya 70,000, hizo zako zimeshavutwa na kuchemshwa, usizibembeleze. Wota pampu 85,000. Mkanda wa taiming na tenshena yake 120,000, kwa sababu injini iko chini na ufundi wa kuuweka leo ni bure.

Upande wa maji: rejeta nyingine 260,000, maana hiyo ya bizari siizibui. Thamostati 35,000, kifuniko 15,000, mipira yote 60,000, kulanti (maji maalumu ya rejeta) 70,000.

Oili na filta mara mbili 150,000. Mara mbili, sijakosea, ya kwanza unaimwaga baada ya kilomita 500. Ufundi 450,000, kazi imekua. Kirikuu kupeleka na kurudisha vyuma 40,000.

Jumla 2,350,000. Ukichukua injini ya Ilala na ukafanya upande wa maji kama inavyotakiwa, mkanda, pampu na oili, unafika 3,290,000.

Kifuniko usikidharau kwa sababu ni 15,000. Maji matupu hapa Arusha yanachemka kwenye nyuzi kama 95. Kifuniko kizima cha presha 0.9 kinayabana yasichemke mpaka yapite 110. Springi ikilegea umepoteza kinga yote hiyo.

MpareMtulivu
2,350,000. Nina 1,200,000. Nimekaa na mke wangu tumehesabu mara tatu (najua mtasema Mpare). Kikoba kitanikopesha laki nane. Iliyobaki 350,000 ni ya makochi aliyokuwa ameyawekea, kayaahirisha mwenyewe. Kwa hiyo mpango upo, ila hakuna hata shilingi ya dharura.

Kipi naweza kukiacha kwa sasa?

MzeeWaBoma
Usiache cha ndani. Cha ndani ukikiacha utakilipia ufundi mara mbili. Kama lazima upunguze, mkanda wa taiming utazame, kama ulibadilishwa karibuni urudishe. Vingine vyote nunua.

Na fundi usimpe 450,000 siku moja. Theluthi akiwa ameshusha, theluthi hedi ikifungwa, theluthi baada ya wiki mbili za kutembea. Fundi anayejiamini hakatai. Spea nunua mwenyewe, kaa nazo nyumbani, umpelekee za siku hiyo. Za zamani zote akurudishie kwenye gunia, hata kama ni za kutupa.

Spana14
Naongeza moja. Siku ya kufunga hedi uwepo. Boliti kumi, zinaanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo mpaka Nm 49 kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), halafu kila moja inazungushwa robo duara. Weka nukta ya rangi kwenye kila kichwa cha boliti uone robo imetimia. Akikwambia "mkono wangu ndio toki renchi", chukua funguo uondoke.

MpareMtulivu
Fundi wangu kakubali malipo ya awamu tatu, alinuna kidogo kwanza. Toki renchi hana, Spana14 kaniazimisha ya kwao kwa dhamana ya kitambulisho changu. Mungu akubariki mkuu.

Thamostati mpya niliijaribu jikoni kabla ya kumpa. Sufuria la maji, uzi umefungwa kwenye thamostati isiguse chini, na kipimajoto cha kuchemshia maziwa nilichoazima kwa jirani mwenye ng'ombe. Imeandikwa 82. Ilikaa imefunga kama konokono, kwenye 81 ikaanza kufungua mdomo, maji yalipokaribia kuchemka ilikuwa wazi yote. Watoto wamenifanya niirudie mara tatu.

Sakina_Kwetu
Nimekaa pembeni nasubiri mrejesho. Premio yangu imeanza kupunguza maji bila kuvuja.

Spana14
@Sakina, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa. Ukiona mapovu yanatoka mfululizo yasiyokoma, njoo kabla haijafika kwenye bei ya mwenzio.

MpareMtulivu
MREJESHO.

Gari liliwaka Jumatano iliyopita, kwa funguo ya pili. Kazi iliyotusumbua ilikuwa kutoa hewa kwenye maji. Injini iko chini ya kiti na rejeta iko mbele, mabomba ni marefu, hewa inajificha. Tulilipandisha pua kwenye kilima nyuma ya gereji, hita imefunguliwa yote, tukawa tunajaza polepole karibu saa nzima mpaka hita ikatoa joto la kueleweka.

Sikuliacha lisimame likiunguruma tu kama nilivyozoea kuona watu wakifanya. Niliingia barabarani siku hiyo hiyo, Usa mpaka Tengeru, nakanyaga, naachia, nakanyaga, naachia, bila abiria. Kilomita 500 zilitimia Jumapili, oili nimeimwaga. Ilikuwa na vumbi linalong'aa kidogo, Spana14 kasema ni la kawaida kwa ringi mpya.

Jumla imefika 2,430,000. Hizo 80,000 za ziada ni raba ya kubebea injini iliyokutwa imekatika, hakuna aliyeitabiri. Nimemkopa shemeji yule yule niliyemwambia imepoa.

Jana nimekwenda Moshi na watu watano, nimerudi jioni. Kikafu nilipandisha kwa gia ya chini, macho yangu yako kwenye mshale kuliko barabarani, mke wangu kanifokea. Umekaa chini kidogo ya nusu, hautikisiki.

BintiKiboriloni
Hongera kaka! Na makochi je?

MpareMtulivu
Makochi ni Februari dada, nimeandikishwa ahadi mbele ya mashahidi. Ijumaa ya wiki ijayo namalizia 150,000 ya mwisho ya fundi, wiki mbili zitakuwa zimetimia. Gunia la vyuma vya zamani liko uani, pistoni moja mwanangu kaichukua ya kuwekea kalamu.